Matangazo ya serikali mtandaoni badala ya gazetini: nimeyafuatilia miezi mitatu nikiwa Tanga, nayapa nyota tatu

Nianze na karatasi la visheti, maana bila hilo karatasi nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Shangazi yangu mmoja anakaa Mkinga. Mwaka juzi alikuja mjini kwa mambo yake, jioni anarudi akanunua visheti stendi ya Kange, na mnajua tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku ile Juni 2019 wauzaji wamerudi kwenye magazeti ya zamani na karatasi za mitihani ya watoto, basi naye akafungiwa vyake kwenye gazeti. Kosta inasubiri abiria wajae, yeye anatafuna anasoma, visheti vikaisha akabaki anasoma tu. Akakuta jina la babu. Babu yetu kabisa, marehemu, na jina lake la tatu na kijiji chake, na chini yake jina la binamu yangu mmoja (simtaji, tulishayamaliza) anaomba mahakamani awe msimamizi wa mirathi, mwenye pingamizi afike kabla ya tarehe fulani. Zimebaki siku sita. Shangazi akashuka kwenye kosta na mizigo yake.

Kwa hiyo nikisikia watu wanasema matangazo ya kisheria yahamie yote mtandaoni, gazetini ni kuchoma hela tu, mie nusu nakubali na nusu namuona shangazi anashuka kwenye kosta.

Mwaka huu zamu ikawa yetu. Bi mkubwa kapoteza hati ya nyumba, ile ya Makorora aliyoachiwa na mzee. Tumepekua masanduku, tumepekua chini ya godoro, tumepekua hadi ndani ya Msahafu mkubwa ambamo mzee alikuwa anaficha vitu vyake, hakuna. Ikabidi tuanze safari: ripoti ya upotevu ya polisi (hii siku hizi unajaza onlaini unalipia unaprinti, hapo kwakweli sina neno), kiapo kwa wakili, halafu maombi kwa Msajili wa Hati, halafu ndo linakuja tangazo. Ni Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, Sura ya 334: watu wanatangaziwa kwamba hati fulani ya kiwanja fulani kitalu fulani imepotea na Msajili anakusudia kutoa nyingine kama hakuna kipingamizi ndani ya mwezi mmoja, na huo mwezi unahesabiwa tangu tangazo litoke katika Gazeti la Serikali.

Hapo nikajifunza kitu cha aibu kidogo kwa mtu wa umri wangu. Gazeti la Serikali sio HabariLeo. Nilikuwa najua serikali ina magazeti yake, Daily News na HabariLeo, nikadhani ndo hayo hayo, kumbe kuna gazeti jingine kabisa lenye jina hilo hilo la Gazeti, linatoka kila Ijumaa, halina mpira, halina picha, halina katuni, ndani ni hati zilizopotea, mirathi, uteuzi wa wakubwa, halafu nyongeza zake ndo zinabeba kanuni na sheria ndogo za halmashauri, zile unazosikia zinaitwa Tangazo la Serikali namba fulani la mwaka fulani. Na kanuni ikishachapwa humo imeanza kazi siku hiyo hiyo, labda yenyewe itaje siku nyingine. Yaani sheria ndogo ya ushuru unaolipa pale soko la Mgandini inapita humo, uwe umeliona usiwe umeliona, na mie nina miaka arobaini na kitu sijawahi kuona mtu hapa Tanga kakaa barazani anasoma Gazeti la Serikali. Wewe umewahi?

Basi nikaamua. Miezi mitatu hii sinunui gazeti, kila tangazo la serikali nalitafuta kwenye simu, nione hiyo raha wanayoisema.

Raha ipo, nisiwe mnafiki. Nilianzia TanzLII, ile websaiti ya sheria ya Mahakama ya Tanzania, bure kabisa, hukumu zimo, sheria zimo, magazeti ya serikali yamo. Kuna na nyingine inaitwa gazettes.africa, hiyo imekusanya magazeti ya serikali ya nchi nyingi za Afrika, nayo bure. Usiku wa kwanza nikaweka bando la usiku nikaandika "Tanga" na "Kitalu" nikaanza kuchimba. Jamani nilikaa mpaka saa nane. Viwanja vya Raskazone, vya Chumbageni, vya Ngamiani barabara za namba huko, majina ya watu ninaowajua, nikakuta mwalimu wangu wa shule ya msingi kumbe naye aliwahi kupoteza hati, nikacheka peke yangu gizani mke wangu akaniuliza una nini. Matangazo ya miaka ya zamani ambayo kwenye gazeti la kawaida yangekuwa yameshaliwa na mchwa, pale umeandika neno moja yamekuja. Hapo gazeti la karatasi haligusi hata kidogo, upande wa kutafuta ni nyota tano bila ubishi.

Sema mengi ya zamani ni karatasi lililopigwa skani, kwa hiyo mashine inasoma inavyoweza, herufi ikiwa imefifia jina linageuka jingine na wewe ukisachi jina sahihi hulipati. Ushauri wangu usitafute kwa jina la mtu, tafuta kwa namba ya kiwanja, halafu jaribu na jina kwa herufi za kukosea kosea. Na faili ni zito, bando lako lijiandae.

Zabuni na ajira sina haja ya kuongea sana, huko karatasi lilishashindwa zamani. Tangu NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, ianze 2023 ikachukua nafasi ya mfumo wa zamani wa TANePS, zabuni za umma zinapita humo, rafiki yangu ana kampuni ndogo ya ujenzi yuko zake Duga anaona zabuni ya choo cha shule Lushoto asubuhi hiyo hiyo ilipowekwa, na mtu wa Dar anaiona dakika hiyo hiyo, hakuna aliyewahi kuamka. Ajira nazo ni Ajira Portal, kijana anakaa na simu yake Mikanjuni anaomba. Zamani ilikuwa magazeti yanafika hapa na basi kutoka Dar, kilomita zaidi ya mia tatu, basi likipata pancha Segera basi na nafasi ya kazi imepata pancha. Na ajabu ya Mungu mji huu huu enzi za Mjerumani ndo ulikuwa unachapa gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lilikuwa linatoka kwenye shule ya serikali hapa hapa Tanga mwanzoni mwa karne iliyopita, leo tunasubiri gazeti literemshwe na kondakta. Haya, nimetoka nje ya mada.

Sasa mabaya. Kuna websaiti ya ofisi moja ya umma, siitaji, kitufe kimeandikwa Matangazo kwa herufi kubwa zinawaka, unabonyeza unakuta la juu kabisa ni la mwaka uliopita linamkaribisha mgeni rasmi aliyeshaondoka. Nikashuka chini nikapata ninalolitaka, nikalifungua, limeskaniwa kichwa chini miguu juu. Nikageuza simu, na skrini nayo ikageuka. Nikaigeuza tena, nayo ikageuka tena. Tukawa tunazungushana hivyo mie na simu mpaka mwanangu wa darasa la tano akaniambia baba zima hiyo ya kujigeuza. Nyingine linki ipo lakini ukibonyeza inakuambia ukurasa haupatikani, na tangazo lenyewe ni la siku kumi na nne, sasa hizo siku zinahesabiwa tangu lini kama ukurasa ulikuwa haupatikani?

Lililoniudhi zaidi ni hili. Kuna tangazo niliona mwisho wa kupeleka maoni ni tarehe 20. Nikapiga skrinishoti kwa bahati tu nimtumie jirani. Siku tatu baadae nafungua tena naona tarehe 15, na 15 yenyewe ilikuwa jana. Hakuna neno la marekebisho, hakuna samahani, kimebadilishwa kimya kimya kama mtu anabadilisha bei ya nyanya. Gazeti lina ubaya wake lakini likishatoka mtamboni limetoka, hakuna mtu anayeweza kuja usiku nyumbani kwako kufuta tarehe. Websaiti yeyote itakayotaka kubeba tangazo la kisheria inabidi ioneshe liliwekwa lini, limeguswa lini, na lile la mwanzo libaki linaonekana, vinginevyo mie naihesabu ni ubao wa chaki.

Na kuna suala la nakala. Nilichapa ukurasa wa Gazeti steshenari nikaupeleka ofisi fulani kama uthibitisho, yule dada akaupokea kwa vidole viwili akasema kaka hii umeitoa mtandaoni, lete halisi. Nikamuuliza dada yangu halisi ndo ipi, akasema ile ya kwenye gazeti. Umoja wa Ulaya walishalimaliza hilo, gazeti lao rasmi la sheria tangu 1 Julai 2013 toleo la kielektroniki ndo lenye nguvu ya kisheria, karatasi ndo limekuwa kivuli. Huku kwetu yule dada hana kosa, hakuna aliyemwambia kwa maneno mepesi ashike lipi.

Nikiwa na bando la usiku nikasoma wenzetu wengine wamefikaje. Uingereza wana London Gazette tangu 1665, leo unaisoma mtandaoni na bado inatangaza watu waliofilisika na mirathi. Austria ndo kali: walikuwa na gazeti linaitwa Wiener Zeitung, limeanza 1703, moja ya magazeti ya kila siku ya zamani kuliko yote duniani, na riziki yake kubwa ilikuwa makampuni kulazimishwa na sheria kulipia matangazo humo. Sheria ikabadilishwa, matangazo yakahamia mtandaoni, na tarehe 30 Juni 2023 likachapwa toleo la mwisho la kila siku. Miaka mia tatu na ishirini, kwisha. Sasa wanaosema matangazo gazetini ni kupoteza hela wajue na hiyo, hela ya tangazo la hati iliyopotea ndo inayomlipa mwandishi anayekwenda kuuliza barabara ya kijijini kwenu imeishia wapi. Sisemi tuendelee kuwakamua wajane kwa ajili hiyo, bi mkubwa alilipia tangazo la gazeti hela ambayo ningemnunulia nguru mzima na wageni wakala, nasema tu ukikata huo mrija ujue kuna mtu alikuwa anakunywa hapo.

Ila walionifurahisha ni Florida, Marekani. Kuanzia 1 Januari 2023 sheria yao inaruhusu ofisi za serikali kuweka matangazo kwenye websaiti ya kaunti badala ya gazetini, lakini ofisi itakayofanya hivyo lazima iwe na daftari la watu waliojiandikisha kwamba mie nitumiwe matangazo kwa barua ya posta au kwa imeili. Nimeirudia hiyo sentensi mara mbili. Barua ya posta! Yaani aliyeandika sheria ile alikaa akamfikiria shangazi yake.

Na sisi msidhani wazee wetu wa sheria hawakufikiria. Someni sheria yetu ya madalali wa mnada, Sura ya 227. Inasema mnada wa ardhi haufanyiki mpaka litolewe tangazo la siku zisizopungua kumi na nne, kwenye mji mkuu wa wilaya ilipo hiyo ardhi na pale pale mnada utakapofanyikia, liwe kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na lisiishie kwenye maandishi, itumike na njia nyingine ambayo asiyesoma ataielewa. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ndo hiyo hiyo imeingizwa kwenye sheria. Mtu anapigiwa mnada shamba lake la minazi Pongwe, sheria inataka asikie kwa masikio. Sasa niambie pdf kwenye websaiti inalia vipi.

Ndo maana nyota zangu nazigawa. Ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa wetu naupa nyota mbili na nusu, uko mahali kila mtu anapita lakini kioo kilishavunjika na karatasi za chini zinafikiwa na mbuzi wa jirani, nimeshuhudia mbuzi anakula tangazo la mkutano wa hadhara taratibu kabisa kuanzia agenda. Gari la spika naipa nne, mtaa mzima unasikia, hata aliyelala, tatizo ukiuliza kesho alisema tarehe ngapi kila mtu ana yake. Gazeti la kununua tatu, linafika saa nne asubuhi, limeshikika, lina tarehe, lakini nani ananunua siku hizi? Wazee pale kibandani wanasoma vichwa vya habari bure wanaondoka, na matangazo ya kisheria yako ukurasa wa kumi na kitu ambao kibandani hauonekani. Aliyemwokoa shangazi ni muuza visheti, tena bila kujua.

Mtandaoni, zile zilizopangwa vizuri ni tano kwa mtu anayejua anatafuta nini. Kwa mtu ambaye hajui kwamba kuna kitu cha kutafuta, nyota moja, na hiyo moja ni ya heshima tu. Shangazi ana kitochi, kina tochi na redio, angejuaje kwamba leo Ijumaa inabidi aingie intaneti aandike jina la baba yake?

Na hapa ndo ninapokasirika kwa sababu haishindikani. Laini yangu imesajiliwa kwa kidole na namba ya NIDA. Nikitengenezewa namba ya malipo ya kodi ya ardhi, meseji inaingia kwenye simu kabla sijamaliza kufunga mlango wa ofisi. Nikichelewa kulipa maji, meseji. Yaani deni linajua ninapokaa, linajua jina langu la tatu, linanifuata mpaka kwenye kitochi, lakini mtu akienda kutangaza kwamba hati ya kiwanja changu imepotea apewe nyingine, hapo inabidi nikatafute mwenyewe kwenye faili la megabaiti ishirini lililoskaniwa kichwa chini. Meseji moja tu: kiwanja chako namba fulani kimetajwa kwenye Gazeti la Serikali la Ijumaa, una mwezi mmoja. Hapo mie gazeti la karatasi ningeliaga kwa amani na visheti tungefungiwa kwenye kitu kingine.

Kwa sasa kama una jambo la mirathi au hati fanya vyote. Lipia gazeti kwa sababu utaulizwa, Ijumaa ikipita ingia TanzLII uangalie kama limeshapanda, ukilipata lidaunlodi siku hiyo hiyo na upige skrinishoti yenye tarehe, halafu mpe nakala mwenyekiti wa mtaa abandike juu, juu kabisa, mbuzi asipofika. Na mwambie imamu au padri alitaje, haikatazwi.

La bi mkubwa lilitoka. Nilifungua simu nikamsogezea, nikamkuzia maandishi, jina lake hilo, kiwanja hicho, kitalu hicho. Akavaa miwani akasoma polepole, akaniuliza, "Sasa hiki mwanangu ukiizima simu kinakwenda wapi?" Nikaenda steshenari nikamchapia kwa rangi kabisa. Akaishika akaigeuza nyuma akaona kweupe, akasema hii umetengeneza wewe, magazeti yana maandishi pande zote mbili.

Mwezi umepita hakuna aliyeleta pingamizi, hati mpya tunaisubiri. Lile Gazeti lenyewe la karatasi nimempata jamaa Dar kasema atalitafuta, litakuja na basi la Jumamosi kwenye bahasha kwa kondakta. Bi mkubwa ameshalitengea nafasi ndani ya Msahafu.